Gitaa Linalonuka Dari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sijamwambia mtu yeyote. Leo nimekata jeneza la babu.

Babu hajafa. Yuko hapo nje kwenye kiti chake, anaota jua na kuwatukana kuku. Jeneza lenyewe bado ni mbao tu — mninga, zimelala darini juu ya jiko la kuni tangu bibi alipozikwa. Bibi alizikwa kwenye mbao mbichi za msindano, wiki ya mvua, utomvu ukawachuruzikia wabebaji mabegani. Babu aliona aibu. Akasema yeye hatalala kwenye ubao unaolia. Akanunua mninga, akaupandisha darini ukauke kwa moshi. Kila Krismasi baba akija likizo kutoka Makete mbao zinashushwa, zinapakwa oili chafu zisiliwe na wadudu, zinarudishwa.

Kwa hiyo nina mpaka Krismasi. Ndivyo nilivyojiambia nikiwa juu ya ngazi na msumeno.

Sikuwa na njia. Gitaa la kwanza nililichonga kwa msindano wa kwa fundi. Nilipokaza waya wa breki ya baiskeli, shingo ikapinda kama upinde. Njombe mbao zimejaa kila kona na zote mbichi. Mninga wa babu tu ndio mkavu.

Mwalimu Aron wa kwaya ya vijana alisema Joackim anakwenda chuo na gitaa lake la besi. Anayetaka nafasi yake aje na la kwake. Nikanyoosha mkono. Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Mimi, Nelly, ambaye kwenye alto nafungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Nimekata kipande kirefu cha ubao mmoja. Kinanitosha mwili wa gitaa na shingo yake.

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi Fidelia amenisaidia tangu asubuhi. Ni dada yake baba. Alirudi nyumbani mwaka jana kutoka Makambako, na sanduku lake na taya limefungwa kitambaa. Kazi ya mumewe, Polikarpo. Tangu hapo anapika, anafua, analala chumba cha uani. Babu humwita "mgeni". Binti yake wa kumzaa!

Nimemwambia ubao nimepewa na fundi. Akaupiga msasa mwenyewe, masizi yakamwingia puani, akapiga chafya.

"Huyo fundi wako analala jikoni?"

Nikacheka. Nilicheka kweli.

Gitaa limekamilika. Nyuzi nyembamba ni waya wa breki, zile nene ni waya wa klachi ya pikipiki. Zinapita juu ya mpini wa mswaki wangu wa zamani. Huku chini zinakalia bawaba — bawaba ya sanduku la shangazi, aliing'oa mwenyewe kwa kisu, sasa sanduku lake linafungwa kwa kamba. Za kukazia ni boliti na nati za kitanda changu. Nikigeuka usiku kinalia. Matundu tumetoboa kwa msumari wa moto, yeye kashika koleo, mimi nasukuma. Chini ya bawaba nimebandika kile kisahani cha kadi ya birthday inayoimba, nikakiunga na waya wa earphone mpaka kwenye sabufa ya mama.

Uzi mnene ulipoguna, kikombe kikatetemeka mezani. Shangazi akaweka kiganja kwenye sabufa.

"Hii haiingii masikioni, mwanangu. Inaingia kwenye mifupa."

Jumapili, 15 Juni

Babu anakohoa. Asubuhi umande uliganda, sakitu nyeupe kwenye nyasi, lakini hakuna aliyemzuia asiende ibada. Amerudi amekataa uji. Akasema kifua kimembana, na keshokutwa Haruni jirani aje ashushe mbao. Anataka kuiona nyumba yake.

Nilikuwa nimeshika kikombe chake aliposema.

Nimemwombea apone. Si kwa ajili yake.

Jumanne, 17 Juni

Mbao zimeshushwa.

Haruni alizipanga uani moja moja. Babu akazipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe. Akafika kwenye ubao uliokatwa. Akashika pale penye mkato, bado pekundu. Hakuuliza nani.

"Fidelia."

"Abee, baba."

"Njoo uone kazi yako."

Shangazi akatoka jikoni na unga mikononi. Akatazama. Akasema yeye anapikia kuni za miwati tu, kama haamini aende akaone jivu. Babu akaenda! Akachokora jivu kwa fimbo, Haruni anaangalia, mama anaangalia.

"Jivu halina jina," babu akasema. "Ndoa yako uliila ukaimaliza. Sasa umeanza jeneza langu."

Haruni akacheka. Kisha akaona haya, akajifanya anakohoa.

Shangazi akatutazama mmoja mmoja, akitafuta shahidi. Alipofika kwangu nikatazama kuku.

Babu alipiga simu Makambako hapohapo kusema anamrudisha, spika imefunguliwa kwa sababu hasikii vizuri, kwa hiyo sote tulimsikia Polikarpo. "Shikamoo mzee. Mlete tu. Mimi nilishamsamehe."

Alishamsamehe.

Shule tulifundishwa passive voice. The plank was cut. Sentensi nzuri, haina mtu ndani yake. Nimeiandika pembeni mara nyingi kisha nikafuta. Nimekata mimi.

Jumatano, 18 Juni

Nilitaka nisiende mazoezi. Nikaenda.

Joackim alipoona gitaa: "Jamani, hili ni gitaa au mlango wa choo? Mbona lina bawaba?" Wakaangua kicheko. Anneth wa soprano akauliza kama natakiwa kubisha hodi kabla ya kupiga. Vidole vikawa vya mtu mwingine.

Mwalimu Aron akachomeka waya. "Piga, binti."

Nikapiga. Ule mstari wa besi wa wimbo wa mavuno, ambao nimeusikiliza kupitia ukuta tangu nikiwa Sunday school. Madirisha ya kanisa yakaitikia. Hakuna aliyecheka tena. Joackim alianza kusema kitu, mwalimu akamwambia nyamaza. Kisha akanigeukia.

"Tena. Tangu mwanzo."

Jumamosi nitapiga wimbo huo kwenye tamasha, Makambako. Mimi!

Akagonga ubao kwa kidole. "Mninga huu mkavu hivi umeutoa wapi?"

"Kwa fundi." Haraka, wala sauti haikutetemeka. Siku zote nashindwa kusema hata "present" darasani.

Njia nzima kurudi nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Shangazi alikuwa anafua mablanketi ya babu, nikampita nikiwa na furaha. Akaniuliza wamekuchagua? Nikaitikia kwa kichwa. Akapiga vigelegele, mikono ina povu, mpaka babu akamfokea kutoka ndani.

Alhamisi, 19 Juni

Mama anajua.

Aliingia kuchukua sabufa yake. Akainua gitaa, akalinusa. "Linanuka dari." Akakaa kitandani, boliti zilizobaki zikalia. Nikaanza kulia, nikasema nitamwambia babu leo hii.

Mama akafunga mlango.

"Utamwambia ili iwe nini? Mbao itaota tena?"

"Shangazi ataachwa akae."

"Ndiyo. Ataachwa akae." Akalirudisha gitaa taratibu, kama mtoto aliyelala. Akasema mwanamke mwenye mume hakai kwa kaka yake, yeye mama sufuria zake mwenyewe hajui tena zinawekwa wapi, na kile chumba cha uani angeweza kufugia kuku wa kisasa. Akanifuta machozi kwa kanga. "Wewe ni mtoto mpole, Nelly. Kaa na upole wako."

Siku zote nilidhani upole ni kitu kizuri.

Ijumaa, 20 Juni, jioni

Kesho asubuhi Coaster ya kwaya inaondoka. Mama amemwombea shangazi kiti kwa Mwalimu Aron. Polikarpo atampokea stendi ya Makambako. Nitakaa naye, gitaa katikati yetu.

Leo amepika, ameosha masufuria yote, amemkanda babu kifua kwa maji ya moto. Babu akamwambia akande vizuri, asije akaiba na ngozi. Akaendelea kukanda.

Saa kumi nilikwenda kumwambia babu. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akainua macho.

"Unataka nini, we bubu?"

Nikasema nimeuliza kama anataka maji.

"Hujauliza kitu."

Kweli sikuwa nimeuliza. Nikamletea maji.

Hata sasa bado naweza. Babu hajalala, namsikia akikohoa. Ni kuvuka uani tu. Lakini nikisema, atalichoma gitaa, namjua, na kesho Joackim atapiga wimbo wangu. Nimeandika. Hilo ndilo linalonizuia — si mama, si woga. Taya la shangazi liko upande mmoja na wimbo uko upande mwingine, na bado nimekaa hapa.

Nyayo uani. Babu ana fimbo. Mama huanza kusema kabla hajafika. Hizi zinakuja polepole. Zimesimama.

Anabisha. Nyumba hii ni yeye peke yake anayebisha mlango wangu.

"Nelly mwanangu, naomba kuingia."

Nimefunika ukurasa kwa kiganja cha kushoto. Umebaki wazi mstari huu tu.

Nimemwambia subiri kidogo, shangazi.

Anasubiri. Namsikia anapulizia vidole vyake, nje kuna baridi.