Kikohozi cha Kijana

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Ningeishia hapo, ila ni mwezi mzima sijaandika na daftari linaninunia.

Kamati imekutana tena sebuleni kwetu. Kamati! Wastaafu wanane, mwenyekiti wao mama yangu mzazi, wote wakimpenda mwimbaji mmoja tangu walipokuwa watoto wa shule. Alitoa santuri moja tu — gita na sauti, basi — kisha akapotea. Wao hawakupotea. Kila mwaka hukusanyika, huiweka santuri, huimba wote. Katika wimbo wa tatu, kabla tu ya kiitikio, yule mwimbaji alikohoa wakati wa kurekodi na kikohozi kikabaki humo. Basi nao hukohoa pale pale. Kwa pamoja. Nimekua nikidhani kila wimbo duniani una mahali pake pa kukohoa.

Safari hii wamempata mwenyewe. Ana miaka sabini na moja, anaishi kwa binti yake, na amekubali kuja kuwaimbia. Ukumbi umeshapatikana, Jumamosi ya wiki ijayo. Atafikia kwetu. Baba alipoambiwa alikunja gazeti, akauliza kama mgeni atapewa na upande wake wa kitanda. Mama hakucheka. Dereva — mmoja wa kamati, tunamwita hivyo, ameendesha malori maisha yake yote — alicheka kwa niaba ya mama mpaka chai ikamwagikia suruali.

Na mimi nimeshapangiwa kazi. "Si wewe ndiye fundi wa sauti wa redio?" Mama hakuwa anauliza.

Alhamisi, 6 Machi

Amefika.

Jina lake la jukwaani ni Kijana, maana alianza akiwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mwenye moyo wa kumwita vingine. Kwa hiyo nimejikuta mlangoni nikisema, "Shikamoo, Kijana." Akaitika marahaba, uso mkavu. Ameshazoea, nafikiri.

Ni mfupi kuliko picha iliyo ukutani kwetu. Miguu inamsumbua, ngazi tatu za barazani zilimchukua muda. Mama alikuwa amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Alimpa mkono akasahau kuurudisha. Baba ndiye aliyepokea begi, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba: "Karibu, bwana. Nimeishi nawe miaka mingi, leo ndiyo unaanza kula." Wote wakacheka. Nikaona hata Kijana ametikisika mabega.

Mikono yake lakini! Aliposhika gita kukaza nyuzi, vidole vilikuwa vya mtu mwingine, mtu asiye na umri.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui niandikeje.

Mazoezi ya kwanza. Kamati nzima ilikaa, viti vya kulia chakula vikaletwa sebuleni. Kijana akaanza wimbo wa kwanza. Sauti haipo. Simaanishi imezeeka, zote huzeeka. Ya juu imekwisha kabisa, ya katikati inakatika, imebaki ya chini tu, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili. Alifika kwenye ile noti ndefu ambayo mama huisikiliza akiwa amefumba macho. Akafungua mdomo. Hewa tupu.

Dereva akajitolea: "Safari ndefu, koo limekauka. Mleteeni tangawizi." Akaletewa tangawizi, akaletewa asali, akaletewa kila kitu isipokuwa koo jipya.

Alipokwenda msalani walinong'ona kama watu walio msibani. Wakaamua. Itapigwa santuri kwenye vipaza sauti, yeye atashika gita na kufuatisha midomo. Pleibeki. Mimi nitaisafisha ile santuri kazini, niiweke kwenye kompyuta. Nikasema, mama, huo ni udanganyifu. "Udanganyifu gani? Sauti si yake? Au tumeiazima kwa jirani?"

Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, barazani. Niliwaona kupitia dirisha. Nilitamani agombe, apige hata meza. Akainamisha kichwa. "Sawa, mwenyekiti."

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Nimeharibu — kwa kufanya kazi vizuri!

Saa ya chakula nilibaki studio na santuri yao. Nilitoa mikwaruzo, nilitoa ule mvumo wa sindano, nikapunguza ukali. Nyimbo zikatoka safi kama zimerekodiwa jana. Nilijisikia fundi. Jioni nikawapigia kamati nyimbo hizo. Wimbo wa kwanza, machozi. Wa pili, machozi. Wa tatu — wakafika pale, wote wakakohoa.

Peke yao.

Nilikuwa nimekitoa. Sikukusudia hata! Kutwa nzima ninatoa vikohozi vya watu, vya mawaziri, vya wahubiri, vya watangazaji wetu wavuta sigara. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kisha Dereva, mkono kifuani: "Binti, umemnyonga mtu." Wengine wakadakia. Nimeutoa uhai wa wimbo, nimewavunjia heshima, shule ndiyo hii niliyosomeshwa? Mama ndiye aliyenichoma zaidi. Aliondoa vikombe hata ambavyo vilikuwa bado na chai.

Kijana peke yake alikuwa anacheka, chini chini, kule pembeni. Baadaye akanifuata jikoni. "Mwanangu, ndivyo nilivyotaka iwe." Siku ile alikuwa na mafua. Aliwaomba wenye studio arudie mara moja tu, wakamwambia muda umekwisha, kuna kwaya inasubiri nje. Aliona aibu hata kuisikiliza santuri yake mwenyewe. "Miaka hamsini watu wananipenda, na wanachonikumbusha ni mafua."

Jumanne, 11 Machi

Nimekirudisha kikohozi mahali pake. Kamati imenisamehe.

Kisha nikawatazama wakimfundisha Kijana kufuatisha midomo. Ya kuimba anaiweza, maneno ni yake. Kikohozi ndicho kinachomshinda. Anachelewa. Kile cha kwenye spika kinatoka, halafu cha kwake kinafuata, bila sauti, ngumi mdomoni.

"Mapema kidogo, Kijana," mama anamwambia, kwa upole wa mtu anayemvika mtoto viatu.

"Nikihisi kinakuja, eh?"

"Hapana, usihisi. Hesabu."

Wakarudia. Wakarudia. Mimi nilikodolea macho taa za kipimo cha sauti, zinavyopanda na kushuka.

Jumatano, 12 Machi

Zamu ya asubuhi, nimerudi mchana. Nyumba tupu, mama na baba wamekwenda kliniki ya macho. Jikoni kuna mtu anaimba.

Kijana, amekaa kwenye stuli karibu na sinki, gita pajani. Wimbo siujui. Analiimbia goti lake! Analibembeleza kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi atoke kitandani — twende hadi mlangoni tu, basi, hadi kwenye lile geti, nitakununulia kiti kipya. Nikacheka mlangoni kabla sijajizuia. Hakuacha. Ubeti wa pili goti linamjibu. Linamuuliza lilipompeleka enzi zile za mbio, mbona hakulishukuru.

Ile ile sauti mbovu ya Jumamosi. Lakini wimbo huu umekatwa kwa kipimo chake, hauna hata noti moja asiyoifikia. Sikulia. Niliosha kikombe kimoja mpaka kikanichoka.

Anazo nyimbo nyingi za namna hii. Hakuacha kuandika kamwe, aliacha tu kurekodi. "Mama yako na wenzake wananijua mpaka ukubwa wa kiatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, baada ya ile uliandika nini?" Akaniuliza mimi kama naweza kumfungulia maikrofoni Jumamosi. Kwa wimbo mmoja tu.

"Mmoja tu, mwanangu. Halafu nitawakoholea mpaka wachoke wao."

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia mama. Alikuwa anapiga pasi lile gauni.

Kwanza alileta mzaha. "Mimi sikumngojea mzee. Wazee ninao, mmoja yule pale na gazeti." Nikamwambia wimbo ni mzuri, mama, mzuri kweli, usikilize hata mara moja. Akaweka pasi wima.

Akasema — naandika ninavyokumbuka — kwamba mwaka ule babu alipomtoa shule ili kaka zake wasome, alilala miezi na redio chini ya mto, akingoja wapige wimbo wa huyu kijana. Hakuwa na kitu kingine. Alikuwa na ile sauti, na ile sauti ilikuwa na miaka kumi na tisa na ilikuwa haijakosa kitu bado. "Sasa unataka niende ukumbini, mbele ya watu, nikasikie ilivyoishia? Mimi najua ilivyoishia. Najitazama kwenye kioo kila siku."

Akaishika pasi tena.

"Usiguse kitu, mwanangu. Ukinipenda, usiguse."

Sijui kama amekosea. Hilo ndilo linalonichosha, kuliko zamu, kuliko kamati. Nimesomeshwa kwa jasho la mtu aliyetolewa shule, halafu niende kumfundisha jinsi ya kupenda wimbo? Mimi sijapenda kitu chochote miaka hamsini. Sijapenda mtu hata akamaliza msimu. Lakini yule mwingine naye yuko jikoni kwetu, yu hai, anaosha vyombo vyetu, na anachoomba ni dakika nne.

Nimempita nikienda kulala. Amenitazama. Nikasema, "Usiku mwema, Kijana." Ndilo jibu alilopata.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Sijala. Dereva ameleta gari, ameliosha, amefunga utepe kwenye kioo kana kwamba tunapeleka bibi harusi. Baba amevaa suti.

Jumamosi tena, mapumziko

Naandika juu ya meza ya sauti, nyuma ya ukumbi, kwa mwanga wa taa ndogo. Mikono lazima ifanye kitu.

Ukumbi umejaa. Vichwa vyeupe mpaka kwenye ngazi. Nusu ya kwanza nimepiga santuri, kama nilivyoagizwa. Ilipoanza tu watu walipumua wote kwa pamoja, nimeisikia ile pumzi kwenye vipokea sauti vya masikioni. Wimbo wa tatu, ukumbi mzima ulikohoa. Mamia ya watu! Wakachekana, wakashikana mikono na wasiowajua. Kijana alikohoa sawasawa nao. Hakuchelewa. Mama alifuta macho, akageuka nyuma kunitafuta, akaniinulia kidole gumba. Nilimpenda mno wakati ule. Niweke wazi hilo.

Kisha mapumziko, nikampelekea Kijana maji. Korido imejaa watu na majalada ya santuri, wanataka saini. Mama mmoja ameshika simu, dada yake ni mgonjwa, kalazwa, angefurahi kusikia hata ubeti. Kijana akaangalia huku na huku. Akamwimbia. Ule wa goti. Pale pale, bila gita, mdomo karibu na simu, ile sauti ya kuburuta kabati. Watu wakanyamaza kwa adabu. Mtu mmoja akacheka mahali panapochekesha — mmoja, nimemsikia, mwanamume mwenye fimbo. Alipomaliza yule mama akamshukuru sana. "Mungu akuweke, Kijana. Sasa ule wenyewe."

Hakuweza. Akasema koo. Basi wao wakauimba, korido nzima, wakimzunguka, wengine wamemwekea mikono mabegani, na naapa hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya moyoni. Yeye alisimama katikati akitikisa kichwa kufuata mdundo. Kama mgeni kwenye sherehe yake.

Aliponipita mlangoni sikungoja aniulize. Nikamwambia nitaifungua maikrofoni.

Taa zimeshuka. Amekaa. Nimefungua maikrofoni yake. Santuri iko tayari pia, kidole cha kushoto kiko juu ya kitufe chake, sijakitoa. Mama, mstari wa mbele, amenipungia mkono: tayari? Nimempungia: bado.

Ameanza. Si ule walioutarajia. Watu bado wanatafuta viti vyao, wanadhani anakaza nyuzi. Dereva anamwambia mtu anyamaze. Mstari wa kwanza umetoka, goti limebembelezwa, na kutoka upande wa ngazi yule mwenye fimbo amecheka tena, safari hii na mwenzake.

Mama amesimama. Amesimama peke yake, wote wamekaa. Kushoto kwake ni njia ya kuja kwangu, kulia ni mlango wa nje. Gauni limemkunjamana nyuma, na hajaenda popote.