Nyufa Nilizozizua Mimi

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini, sitoki.

Leo nimewaonyesha wateja ile modeli ya nguzo ya daraja kwenye skrini kubwa. Ndani yake kulikuwa na mistari mirefu. Nikasema kwa kujiamini, "Hizi ni nyufa." Nyufa! Mimi na mdomo wangu!

Yule mzee mhandisi aliyeisanifu nguzo akasimama. "Basi kosa ni langu. Naomba radhi." Mbele ya watu wote!

Bosi akataka tuzione kwa karibu. Unajua tuliigawa modeli vipande ili kompyuta nyingi zisaidiane kukokotoa. Nikapaka kila kipande rangi yake, ndipo nikaona. Zile "nyufa" ni mipaka ya vipande! Nilisahau kuviunganisha, programu ikachora kila mpaka kama uso wa nje. Nguzo haina hata mkwaruzo.

Nikasema ukweli. Mzee akauliza, "Kwa hiyo nguzo yangu ni nzima?"

"Ni nzima, mzee wangu. Nimekosea mimi."

Nilijua atanitukana. Akanishika mkono, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Ahsante! Bora angenizaba kofi.