Kabla Shangazi Hajaenda Mwanza

Jumatatu, 2 Juni

Sauti imekatika tena kwenye kompyuta. Sekunde ya kumi na tisa, halafu ya arobaini, halafu kila inapojisikia. Tak. Tak. Kama mtu anavunja njiti za kiberiti ndani ya wimbo. Nimezima mtandao, nimezima bluetooth, nimefunga kila programu isiyohusika. Tak.

Kesho Shangazi Nyamisi anakuja kuimba studioni kwangu. Ni dada wa baba, mzaliwa wa Butiama, ameolewa Kibara. Ana uvimbe shingoni na tarehe 19 anapasuliwa Mwanza. Daktari hakumficha: sauti inaweza kubadilika, inaweza hata kupotea. Wimbo ni ule wa kumtoa binti anapoolewa. Mmoja anaimbisha, wanawake wanaitikia. Waitikiaji nimesharekodi Butiama mwezi uliopita, wanawake tisa, safi kabisa. Amebaki mwimbishaji, na anayejua beti zote saba ni yeye tu.

Miaka mitatu nimeitangaza Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, Bunda nzima. Nikawacheka wenzangu wenye programu za kuiba. Leo wangeniona.

Jumanne, 3 Juni

Shangazi amefika saa nne na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, kwenye mfuko. Kavaa gauni la kanisani, kana kwamba anapigwa picha. Ameimba mara tatu. Mara zote tatu, tak.

Naandika ili nisijidanganye. Kompyuta inachota sauti kwa mafungu. Fungu dogo ni kama kuchota kwa kikombe: sauti inamrudia mwimbaji masikioni hapo hapo, lakini mashine ikizubaa kidogo tu, inakatika. Fungu kubwa ni ndoo: haikatiki, lakini sauti inarudi imechelewa. Kile kiboksi cha kuchomekea maiki kilikuwa na swichi ya kumsikilizisha mwimbaji bila kupitia kompyuta. Swichi ilikufa mwaka jana. Nikasema nitaitengeneza. Sikuitengeneza.

Shangazi amekwenda kulala kwa bintiye Neema, hapa hapa mjini. Hajalalamika. Mimi nina hasira ya kutosha watu wawili.

Jumatano, 4 Juni

Mchawi nimempata: Chacha, fundi wa kuchomelea mageti, jirani ukuta kwa ukuta. Kila akigusa chuma, taa zangu zinafifia. Nimekwenda kumfokea mbele ya wateja wake. Akazima mashine. Saa nzima amesimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akisikiliza.

Tak.

Akacheka, akarudi kazini. Sikumwomba radhi. Niliona haya, na haya zangu zinatokaga kama hasira.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeuliza kwenye jukwaa la mtandaoni. Majibu kumi na moja. Badili kernel, yaani moyo wa mfumo wenyewe. Ipe programu ya sauti ruhusa ya kutangulia nyingine. Zima hali ya kubana umeme. Mmoja kaniuliza kwa nini nisinunue kompyuta mpya. Namchukia mtu huyo na sijui hata anaishi wapi.

Nimefanya yote. Baada ya kernel mpya kompyuta ikagoma kuwaka hadi saa saba mchana. Ilipowaka, sauti ikakatika mapema kuliko jana. Kila jibu lilianza na neno "rahisi". Rahisi tu, fanya hivi. Wangekuja Bunda wafanye wao.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepandisha fungu mpaka mwisho. Ndoo. Haikatiki! Dakika sita, hakuna tak hata moja. Nilipiga kelele hadi Chacha akachungulia.

Shangazi akaja mchana. Kaimba. Haikatiki, ila anaburuza. Ubeti wa kwanza yuko sawa na waitikiaji, wa pili amebaki nyuma, wa tatu utadhani anaimba kwenye wimbo mwingine. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiimbisha harusi mbili kwa siku. Nikafikiri ni ugonjwa. Nikafikiri ni umri. Tumerudia mara tano.

Jumamosi, 7 Juni

Siku mbaya. Niandike jinsi ilivyokuwa.

Tumefika mara ya kumi na nne tangu Jumanne. Shangazi bado anaburuza. Nilikuwa sijala tangu jana. Nikampigia meza makofi, pa, pa, pa, nikasema, "Shangazi, shika mwendo! Unachelewa! Mtoto mdogo angeshaweza!"

Akavua hedfoni taratibu, akazikunja waya vizuri, akaomba maji ya kunywa. Akanywa nusu. Akasema ngoja apumzike kwa Neema.

Alipotoka nikasikiliza zote kumi na nne. Tatu zina tak, zilizobaki zinaburuza. Nikaona takataka tupu. Nikaandika amri ya kufuta folda nzima ya sauti yake. Si kutupa kwenye kapu ambako mtu anaweza kurudi kuokota. Kufuta. Linux haikuulizi mara mbili. Inakuamini kwamba wewe ni mtu mzima.

Nilijisikia vizuri kama dakika tatu. Tutaanza upya wiki ijayo, nilisema. Siku zipo.

Jumapili, 8 Juni

Neema kaja moja kwa moja kutoka kanisani, bado kashika kitabu cha nyimbo. Hakukaa. Kanisema kuanzia mlangoni. Kwamba mama yake hajala jana. Kwamba mwanamke anayengoja kukatwa shingo haambiwi anachelewa. Kwamba kama mashine imenishinda, simu zipo, angemrekodi hata jikoni.

Nikamjibu mimi ni prodyuza, sirekodi kwa simu jikoni. Nimelisema kwa mdomo huu. Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 9 Juni

Kompyuta inachoma mapaja. Leo ndiyo nimeona. Wiki nzima nacheza na amri, sijawahi kuigeuza tumbo.

Nimefungua skrubu kumi. Feni imeziba. Si vumbi: ni wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi. Mwezi wa nne nilirekodi kwaya Musoma, chumba kinachotazama ziwa, madirisha wazi, taa zinawaka. Walivutwa ndani na feni yenyewe, wakabanana wakawa pumba jeusi. Hewa haipiti, mashine inapata joto, ikipata joto inapunguza kasi ili isiungue, ikipunguza kasi sauti inakatika. Ndiyo yote. Haikuwa kernel. Haikuwa umeme wa Chacha.

Na ni Chacha aliyenisaidia. Nilimpelekea kompyuta ikiwa wazi, sikujua nianze vipi. Akashika feni kwa kidole isizunguke, akaipuliza kwa bomba lake la upepo. Wadudu wakatoka kama pilipili manga. Nikamwambia samahani kwa ya Jumatano. Akasema, "Nilishasahaugaga. Lete soda." Nimerudisha fungu dogo kabisa. Saa nzima, kimya. Hakuna tak.

Nikakimbia kwa Neema kumwomba Shangazi radhi. Alikuwa anachambua dagaa uani. Kanisikiliza, halafu akaniambia jambo ambalo bado linaniunguza. Akasema, "Si mimi niliyechelewa, baba. Ni yule uliyeniwekea masikioni. Kila nikimaliza, naye ndo anamalizia. Sisi hatuimbagi juu ya mtu. Nilikuwa namsubiri."

Yule mtu alikuwa yeye mwenyewe. Sauti yake, imechelewa na ndoo yangu. Alidhani nimemweka mwanamke wa kumfuata, na kwao mwimbishaji haanzi mstari mpaka aliye nyuma yake amemaliza. Kumkanyagia ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alimpisha, mstari kwa mstari, na mimi nampigia meza.

Nilichotakiwa kufanya ni kuzima sauti yake kwenye hedfoni, abaki na waitikiaji tu, sikio moja wazi ajisikie mwenyewe. Kitufe kimoja. Hata kama feni ingebaki imeziba, ndoo ingetosha.

Kesho saa nne anakuja. Neema hakuniangalia, lakini hakukataa.

Jumanne, 10 Juni

Saa nne. Saa tano. Maiki iko tayari, kiti kiko tayari, maji ya uvuguvugu kwenye chupa. Saa tano na nusu nikampigia Neema. Wako kwenye basi, wamepita Lamadi. Hospitali ilipiga jana jioni: kitanda kimepatikana, waje mara moja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungemrekodi usiku kucha, umchoshe."

Nilitaka kumtukana. Sikupata tusi, kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 11 Juni

Nimejaribu kuzifufua zile kumi na nne. Programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa imezunguka tangu asubuhi. Imeniletea picha za mafundi wa bati, nusu ya mahubiri, tangazo la pamba nililotengeneza mwaka juzi. Shangazi hayumo. Diski za siku hizi zinafagia zenyewe nafasi uliyofuta, kwa ratiba. Ratiba hiyo niliiweka mimi, kwa fahari, ili mashine iwe na kasi.

Mpumbavu. Hakuna neno jingine.

Alhamisi, 12 Juni

Amepasuliwa leo. Neema katuma ujumbe: ametoka salama. Nimeshukuru Mungu. Nimekaa kwenye kiti nilichomwekea yeye.

Jumatatu, 16 Juni

Neema kapiga. Mama yake haruhusiwi kusema sana, na akijaribu hakitoki kitu, ni upepo. Wodini anatazama ukuta tu. Neema akasema, kwa upole kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, "Tuma zile alizoimba. Hata hizo mbovu. Ajisikie."

Nikamwambia kompyuta iko kwa fundi.

Nimedanganya haraka mno, bila hata kumeza mate. Halafu nikairushia ukutani ile chupa ya maji, ikarudi ikanigonga goti. Vizuri.

Jumamosi, 28 Juni

Amerudi, yuko kwa Neema. Nilikwenda. Kidonda kizuri. Sauti imetoka, lakini si yake. Nzito, imepasuka, kama ya mvulana anayebalehe. Akasema jina langu na nilitazama nyuma kuona nani kaingia.

Neema akauliza kama kompyuta imepona. Nikasema bado kidogo. Shangazi aliniangalia. Nadhani anajua. Au ni mimi tu.

Mashine haijawahi kufanya kazi vizuri hivi. Naichukia.

Jumapili, 13 Julai

Leo Shangazi amekuja mwenyewe baada ya misa, kwa miguu, na Neema nyuma yake. Amekaa kwenye kiti. Akasema kwa ile sauti mpya anataka kusikia zile za zamani, sasa yuko tayari.

Nimemwambia. Kwamba nilizifuta siku ile ile nilipompigia meza, kwa hasira, zote. Kwamba nilijaribu kuzirudisha nikashindwa. Kwamba kompyuta haikuwa kwa fundi.

Neema akainuka akaenda kusimama nje. Shangazi alishika shingo yake, chini kidogo ya kovu, kama anavyofanya siku hizi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Sikumwambia asilie. Ningeanzia wapi?

Halafu akauliza nilimsikia mara ngapi. Nikasema kumi na nne, na siku ile nilizirudia zote. Akasema Neema alizaliwa Kibara, lugha ya Butiama anaokoteza maneno. Waliokuwa wanazijua beti zote wamekwisha. "Basi umebaki wewe. Imba."

Nikamwambia ni wimbo wa wanawake. Akasema anajua.

Nimewasha waitikiaji, sauti ndogo. Nimeimba mbaya sana. Mstari wa pili nilikosea, akanitamkia neno kwa kunong'ona, nikalirudia, akatikisa kichwa, nikalirudia tena. Neema alirudi ndani akakaa sakafuni karibu na mlango. Baadaye na yeye akaanza kuitikia.

Tumeshika ubeti mmoja na nusu. Amechoka, amekwenda kulala kwa Neema. Amesema nije kesho asubuhi, kabla koo lake halijakauka, na nisilete mashine.