Vikombe Viwili kwa Sheikh Said

Jumanne, 13 Januari

Chai ya pili. Mchanga umeingia mpaka kwenye sukari. Nimefunga madirisha, nimeziba chini ya mlango kwa taulo, upepo unapita vilevile. Nyumba hii ya kupanga ni ya watu wa Maskati kuja kupumzika na watoto. Wiki hii mji wote wa Quriyat nimeachiwa mimi. Ufukweni hakuna mtu.

Laasiri nakwenda kwa Sheikh Said. Nasir, mwanangu wa pekee, anamtaka binti yake, Shamsa. Walisoma chuo pamoja. Nasir ana miaka thelathini na hajapata kuniomba kitu. Angekuwa hai mama yake, angetangulia yeye kwa wanawake, mimi ningefuata na kilemba changu tu. Sasa kazi yote yangu. Naogopa kama naposa mimi.

Jumatano, 14 Januari

Mambo yalikwenda vizuri jana. Tende, halua, kahawa. Nilikunywa vikombe viwili. Tulizungumza mvua, barabara, bei ya samaki. Posa sikuigusa. Kwetu Unguja mtu mzima haropoki siku ya kwanza. Unakuja, unakaa, unaonekana, unarudi. Na kikombe cha mwenye nyumba hukiachi kimejaa, ni kumvunjia heshima. Nilijiona muungwana.

Sheikh Said alinitazama sana nilipoaga. Nimempigia Nasir kumwambia tumeanza vyema. Upepo umezidi. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 15 Januari

Nimempigia binamu yangu Seif, aliyekulia hukuhuku Oman. Nilitaka kujisifu. Akapiga kelele: "Weye Khalfan, umekunywa? Kikombe unakiweka chini, hukigusi mpaka wakujibu! Ukinywa, maana yake huna haja!"

Miaka arobaini naishi nchi hii. Mjinga mimi. Hapa nimeoa kwa watu wetu wa Unguja, nimezika kwa watu wetu, ya wengine sikuyajua.

Nikaenda hapo hapo. Sheikh Said hayupo, yuko kwa nduguye. Nimerudi na mchanga mdomoni.

Ijumaa, 16 Januari

Amenikaribisha baada ya sala. Kahawa ilipokuja nikaiweka chini. Nikasema nina haja.

Alikitazama kile kikombe. Kisha akasema kwa Kiarabu chake cha taratibu: "Jumanne tulikungojea. Mama yake Shamsa alikuwa nyuma ya mlango. Ukanywa, ukaaga. Tukasema umetuona, hukutupenda."

Jana usiku mtoto wa nduguye naye alikuja kumposa Shamsa, akaweka kikombe chini. Wamemkubalia.

Nimemweleza desturi yetu. Nimemwomba. Sijapata kumwomba mtu hivyo. Alinishika mkono, naye alihuzunika kweli. Lakini neno ameshalitoa, na nduguye ni nduguye. Najichukia.

Jumamosi, 17 Januari

Nimerudi nyumbani Maskati. Huku hakuna upepo.

Nasir alikuwa na zamu kiwandani Rusayl, amerudi jioni na nguo za kazi. Nimemwambia yote, sikuficha hata kikombe cha pili. Alisikiliza amesimama, funguo za gari mkononi. Akasema, "Basi, baba. Ndiyo riziki." Bora angenigombeza.

Magharibi ikaingia. Akatandika misala, akaniambia nisalishe mimi. Nikasalisha.

Imamu akishatoa salamu huwageukia watu. Kuliani kwangu, nyuma kidogo, nilimsikia Nasir anavuta pumzi polepole, anajizuia kulia. Sikugeuka.