Kiti Chako Kilichokuwa Kinaelea

Baba,

Leo nimewasha ile kompyuta. Tangu tukuzike Machakos, miezi mitatu sasa, ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma cha Mama, na juu yake kadi za rambirambi. Nimeziondoa moja moja. Mama aliniona, akachukua kikapu akaenda sokoni.

Unakumbuka ilivyofika? Ofisi uliyokuwa dereva wake ilikuwa inatupa kompyuta za zamani, ukaileta hapa kwetu Mbotela imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Majirani ukawaambia ni ya Mutheu, ya masomo. Masomo gani, Baba. Ulijua vizuri nilikuwa natengeneza ramani za mchezo, na chumba cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa hiki chetu: meza, kabati, redio, na kile kiti ulichojichongea Jumamosi baada ya Jumamosi, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe.

Wewe ndiye uliyeona kosa, ukaniambia: "Mami, hapa kwetu mtu akiingia anateremka." Kweli, sakafu yetu iko chini kuliko njia, ndiyo maana mvua hutuingilia. Nikateremsha sakafu ya kwenye ramani. Ukiitazama ramani kutoka juu, kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini tulipoingia ndani ya mchezo, meza imeshuka, kabati limeshuka, kiti chako kinaelea hewani. Ulicheka mpaka ukafuta macho. "Sasa hiyo kiti mbona haijakanyaga chini? Nitaipanda na ngazi?" Ukaleta futi yako, ukapima mguu wa kiti cha kweli, ukaniandikia kipimo kwenye kipande cha gazeti.

Mimi nikakasirika. Nikasema ni mashine yenye shida, si mimi, na nitarekebisha nikimaliza mitihani. Kila Jumamosi ukauliza, "Kiti imeshuka?" Jumamosi ya mwisho hata sikukujibu. Nilikuwa nimechoka na swali lako, Baba. Hilo ndilo linaloniuma. Jumanne ukarudi kutoka kazini umeshika kifua, na Alhamisi nyumba ikajaa watu wa matanga.

Walikuwa wengi hadi tukakosa pa kukanyaga. Wajomba wakakipandisha kiti chako juu ya kabati, na kiko huko hadi leo. Mama hataki kishushwe. Hataki mtu mwingine akikalie.

Leo nimejua tatizo lilikuwa nini. Kiti kilikuwa kimeshikilia kimo cha sakafu ya zamani, na hakikubali kuvutwa chini. Ili kishuke, lazima kifutwe kwanza, halafu kiwekwe upya. Kufuta ni kitufe kimoja tu. Nimekaa na kidole juu ya kitufe hicho mpaka chai ikapoa. Nimelia, sitakuficha. Niliona kama nakutoa nyumbani mara ya pili.

Nikafuta. Chumba kikabaki na meza, kabati na redio, vile chumba chetu kilivyo sasa. Sikuvumilia. Nikakirudisha haraka, kwa kipimo chako cha kwenye gazeti, kisha nikaingia ndani ya mchezo, nikateremka mlangoni.

Kimekanyaga chini, Baba. Miguu yote minne. Nikakisogelea nikikalie, na ndipo nikakumbuka kwamba katika mchezo huu mtu anatembea, anakimbia, anaruka, lakini hawezi kuketi. Nikasimama tu pale mbele yake. Nilikuwa na hamu ya kukuita uje uone.

Nisamehe kwa kuchelewa. Lala salama, Baba yangu. Mama akirudi nitamwomba tushushe kile cha kweli. Najua atakataa. Basi nitamwuliza tena Jumamosi, na Jumamosi nyingine, kwa sauti yako ileile: "Kiti imeshuka?" Siku atakapokubali, nitakikalia mimi, na kikombe chako nitakiweka juu ya mkono wa kiti.

Mwanao,
Mutheu