Sahihi Yako Mbele ya Hakimu

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko ulikopumzika. Huku sisi ni wazima, Mama anakusomea Yasini kila Alhamisi, na mimi nimechoka. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelisema juu yako mbele ya watu, nawe hukuwepo kujitetea.

Unalikumbuka lile ghala la zamani nyuma ya ukuta wetu. Kampuni ya kubomoa ilipokuja, siku ya kwanza tu uliwatokea wafanyakazi na chupa ya chai na maandazi. Ulisema mtu anayefanya kazi ukutani kwako ni mgeni wako. Vumbi la paa la asbesto lilituingia hadi kwenye masufuria, nguo zikageuka kijivu kambani, na wewe unawauliza kama sukari inatosha. Nilikutania kwamba utalinywesha chai hata tingatinga.

Walipokaribia kumaliza, msimamizi wao alikuletea mabati kumi na mawili ya paa lile, zawadi, pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Ilikuwa ya Kiingereza. Wewe ndiwe uliyewasomea majirani barua zao za Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Kiingereza kiliingia maofisini ukiwa umeshazeeka, na hukuwahi kukiri kwa mtu kwamba kimekupita. Ulivaa miwani, ukaitazama karatasi kuanzia juu mpaka chini.

"Mi nimesoma," ukasema. "Iko sawa."

Nilikuwa nyuma yako na sinia la vikombe, na niliisoma. Ilisema kwamba wewe, kwa niaba ya majirani, umeomba na kupokea mabati yote ya jengo. Yote, Baba. Nikanyamaza. Mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya wageni, ndivyo mlivyotulea. Nilijiambia nitakueleza wakishaondoka. Walipoondoka ukawa na furaha sana na paa jipya la jiko, sikuwa na moyo wa kukuharibia.

Mabati yaliyobaki waliyavunja kwa nyundo, wakayamwaga kwenye korongo linaloteremka ziwani, pale watoto wanapopita na madumu ya maji. Sheria inakataza. Asbesto ni sumu ya mapafu; hufungwa na kuzikwa mahali maalumu, haigawiwi watu. Ulipokwisha kutuacha, majirani tukaishtaki kampuni. Wakili wao hakuwa na maneno mengi, alikuwa na karatasi yako. Kila tuliposema korongo, yeye alisema sahihi.

Usiku wa kuamkia ushahidi wangu sikulala. Mama aliniambia neno moja tu: "Umuachie muzee heshima yake." Asubuhi nikasimama mbele ya hakimu, nikasema baba yangu hakujua Kiingereza, alijifanya kusoma, na mimi niliyesoma nilinyamaza. Ukumbini walijaa watu uliowasomea barua. Hakuna aliyenitazama usoni.

Tukashinda; kampuni ikaamriwa kulisafisha korongo. Halafu tukakaa, miezi ikaja, miezi ikapita, korongo likiwa vilevile. Huissier, ofisa wa kutekeleza hukumu, alikwenda kwenye anwani ya kampuni akakuta wanauza magodoro. Alirudi kunieleza akiwa amekaa kwenye kiti chako, viatu vimejaa vumbi.

"Jugement iko, mama," akasema, akinionyesha ile hukumu. "Kampuni ndio haiko."

Sikuwahi kujua kwamba kushinda kunachosha kuliko kushtaki. Nimepanda ngazi za ofisi hadi walinzi wakawa wananiita kwa jina. Mwishowe jirani mmoja aliliona tingatinga lao likifanya kazi huko Rubona, jina la kampuni limefunikwa kwa rangi, lakini namba ni ileile. Huissier akalizuia palepale, na wiki hiyohiyo kampuni ikapatikana.

Waliokuja kusafisha walivaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na walikataa chai. Walimaliza korongo. Kisha wakapanda juu ya jiko, wakayashusha moja moja mabati yale uliyoyapigilia kwa mkono wako, wakayafunga kwenye plastiki. Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Mpaka leo ananijibu kwa mkato.

Nakala ya hukumu ninayo. Imeandikwa humo kwamba marehemu hakuelewa alichotia sahihi. Ndiyo maneno yaliyolisafisha korongo, na yatabaki mahakamani pamoja na jina lako. Nisamehe, Baba. Hata hivyo, wakiniita tena kesho nitasema vilevile.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Siku ile, kabla hujashika kalamu, uligeuka ukanitazama. Nilidhani unataka niongeze chai, nikamimina. Sasa najua ulikuwa unaniuliza.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, binti yako wa kwanza