Mayu, Tumekuona Kwenye Shuka la Sinema

Mayu,

Kusoma hukujua, mama yangu, na najua ungenicheka: mtu mzima na akili zake anamwandikia marehemu! Cheka tu. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili kule misheni, ndiyo maana barua hii ni ya Kiswahili, lakini nikimaliza nitakaa hapa kando ya zizi ulipolazwa nikusomee kwa Kisukuma chetu. Na leo usinikatize kama ilivyokuwa tabia yako.

Gari la sinema lilikuja. Lile lile, Mayu. Yule karani wa Mzungu wa picha alikuahidi kwamba picha ikiwa tayari wataileta hapa Segese uione kwa macho yako, nawe ukaamini. Kifua kilipokubana hata kukaa huwezi, kila lori likinguruma barabarani ulikuwa unainua kichwa na kuuliza, "Ndio wao?" Nami nakujibu siyo wao, ni lori la pamba, lala. Basi walikuja wewe uko ardhini, vumbi linatuingia mpaka kwenye ugali na mvua imetususia. Niliwakasirikia, sikufichi. Nilitaka niende nikamuulize yule karani alikuwa wapi siku zote hizo. Halafu nikasema haina maana, nikabeba kigoda chako nikaenda.

Uwanja wa ghala la pamba ulijaa, sijapata kuona. Watu walitoka vijijini ng'ombe wao hawajakamwa. Wachimbaji wa dhahabu walikuja kwa baiskeli, matope hayajawakauka miguuni. Kondo fundi cherehani, mtani wako, alifunga cherehani yake mapema pale barazani kwa Mhindi akaja kukaa karibu nami na mwanangu Kabula. Kumbuka huyu ndiye aliyetuchekesha siku ya mazishi yako. Alijifunga kaniki yako, akajipaka ugoro puani, akasimama juu ya udongo akawa anasimulia hadithi ya Mbula kwa sauti yako na kikohozi chako, mpaka watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mzaramo yule! Nilimkasirikia, nikampenda, vyote pamoja.

Ehe, hadithi ya Mbula. Nani Segese hakulala na hadithi hiyo? Jitu liliiba mvua likaificha tumboni mwa mlima wa mawe, nchi ikakauka, na msichana Mbula akachukua ng'ombe wa mama yake akaenda kuirudisha. Njiani maajabu, mawe yanayosema, nyoka mwenye taa kichwani. Anafika, anamkama ng'ombe, jitu linakunywa maziwa mpaka linasinzia, naye anaingia ndani ya mlima. Mvua anaitoa. Lakini yeye mwenyewe kwa miguu harudi. Anatoka na mvua, amekuwa mvua. Mama yake yuko mlangoni anangoja, ananyoosha kiganja, tone la kwanza linaanguka, anasema, "Umefika, mwanangu."

Ndiyo maana nyumbani kwetu, tangu nina akili, mvua ya kwanza ikinyesha ulikuwa unatutoa nje sote, hata mwenye homa, tunyooshe viganja tumsalimie Mbula. Majirani walikuwa wanatuona vichaa. Baadaye na wao wakaanza kutoka.

Yule Mzungu wa picha alipokuja kiangazi kile kutafuta hadithi ya kale, mimi nilikuwa Geita kwa Baba Kabula, anakofanya kazi mgodini. Niliyasikia uliponisimulia. Ulisema alikusikiliza jioni nyingi, karani anamtafsiria, anaitikia kwa kichwa, anafurahi. Kufika mwisho akakunja uso. Akasema watu lazima warudi nyumbani na furaha, kwa hiyo msichana arudi mzima, kwa miguu yake. Nawe ukamwambia karani, "Mwambie mimi nilivyopewa ndivyo ninavyotoa." Hawakukusikia. Kisha hao hao wakaja kukubembeleza uwe mama wa Mbula kwenye picha, maana vikongwe wengine wote walikuwa wanaikimbia ile mashine. Nilipokuuliza ulifanya nini mbele yake, ulicheka mpaka ukakohoa. "Utaona mwenyewe." Hicho tu.

Basi nimeona.

Giza lilipoingia wakawasha mashine, shuka likawaka. Jamani kelele! Nshoma, binti wa jirani, huyu huyu anayemwaga maji kisimani kwa uzembe, ndiye Mbula, mkubwa kama nyumba, macho yanang'aa. Mama yake nusura azimie. Mwenyewe Nshoma alikuwa amekaa pale chini anajifunika kanga usoni kwa aibu, na watoto wanamgeukia yeye, wanaligeukia shuka, wanamgeukia yeye. Mpaka leo hana raha. Wanawake wanamsimamisha njiani kumuuliza jitu lilikuwa linanuka nini.

Na Masanja, Mayu! Mzee Masanja aliwaazima ng'ombe wake yule mweupe mwenye doa jichoni, unamkumbuka, aliyekuja kufa kwa ugonjwa wa sotoka. Ng'ombe alipotokea kwenye shuka, anatembea, anatikisa masikio, mzee alisimama. Akapiga mluzi wake ule wa kuitia ng'ombe jioni. Na ng'ombe akageuza kichwa! Nakuapia, aligeuka akamtazama. Uwanja mzima ukalipuka. Masanja akakaa chini akaficha uso kwenye blanketi lake, mabega yanamtetemeka, na mtu mzima yule hakuna aliyemcheka.

Jitu lenyewe halikuwa kitu. Mchimbaji mmoja mrefu wamemvika ngozi za ng'ombe, miguu yake inaonekana, na ndala za tairi amevaa. La kwako lilikuwa linaficha nyota likisimama. Nilisema kwa sauti, "Hili ndilo jitu?" Watu wakaniambia nyamaza. Lakini pale Mbula alipoingia kwenye mlima, walipigia picha kwenye shimo la zamani la dhahabu, na wachimbaji wote wakajisogeza mbele. Mmoja nyuma yangu akawa anamwambia Nshoma wa kwenye shuka, taratibu, asikanyage pale, akanyage huku. Nikamfikiria Baba Kabula nikatamani awe karibu.

Halafu mwisho ukafika. Kijiji, vumbi, mlango wa nyumba. Na wewe.

Mayu. Umekaa kwenye kigoda. Hiki hiki nilichokalia mimi. Kaniki yako, shanga zako, ule mshipa wa shingoni. Unapumua! Watu wote walivuta pumzi kwa pamoja, nikasikia mashine inavyokereza. Mimi sikulia hapo. Nilikuwa nakutazama kwa uroho, naogopa kupepesa macho.

Nshoma anakuja na ng'ombe, mzima, anatabasamu, sauti ya karani inasema Mbula amerudi kwa mama yake, furaha ikaenea nchi nzima. Anakukaribia. Ulipaswa umkumbatie, si ndivyo walivyokuagiza? Na ulimkumbatia. Lakini kabla ya hapo hukumtazama hata kidogo. Ulitazama juu, ukanyoosha kiganja, na midomo ikacheza. Hatukusikia neno, sauti ilikuwa ya karani tu. Lakini nani Segese asiyelijua neno lile? Wanawake wa upande wa kisimani walipiga yowe. Kondo alivua kofia. Mtani, mwenye mdomo usiolala, alilia kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Nami ndipo nikalia, nikacheka, nikasema kimoyomoyo: huyu mama yangu ni mkaidi! Mzungu amesafiri na mashine yake yote, na hadithi bado ameipata kama ulivyopewa.

Watu waligawanyika siku hiyo hiyo kama Wagika na Wagalu wanaposhindana ngoma. Wengine wanasema afadhali hivi, msichana mzuri vile kwa nini afe, wengine wanasema mmeona mkono wa mama yenu au hamkuuona? Mabishano yamefika mpaka kilabuni. Ungefurahi.

Lakini kuna mmoja hakuuona mkono. Kabula aliona mambo mawili tu: Mbula amerudi, na Bibi yake yuko hai. Kabla sijamshika alikuwa ameshakimbia kati ya watu, anaita, "Bibi!" akazunguka nyuma ya shuka kukutafuta. Nilimkuta amesimama gizani anapapasa kitambaa.

Tangu hapo, Mayu, nyumba haikuwa nyumba. Huyu mtoto wewe ndiye uliyempa jina, alizaliwa mvua inanyesha ukamwita Kabula, ukamlea mgongoni. Ulipokufa hakulia. Tulidhani ni utoto. Kumbe alikuwa anangoja. Baada ya sinema akawa anakuwekea michembe ya viazi mlangoni kila jioni, na karanga, unavyopenda, akikuta mbwa amekula anafurahi, anasema Bibi amepita. Hapa kaburini akawa hataki kufika. Anasema hapa hakuna mtu, Bibi yumo ndani ya lile gari. Anauliza gari limekwenda wapi. Nami mjinga nikamjibu, limekwenda Kahama.

Asubuhi moja sikumwona. Nilizunguka zizi, kisima, ghala, kwa Nshoma. Nilipoona michembe haipo chunguni nikajua ni Kahama, nikamkimbilia Kondo. Kondo ndiye aliyepanda baiskeli kumfuata, akamkuta mbali kwenye barabara ya Kahama, anatembea katikati ya njia ya malori, kifurushi cha michembe kichwani, midomo imepasuka kwa jua. Alimwambia Kondo asimrudishe, amebakiza kidogo tu. Nilichuma fimbo, nilikuwa nimchape mpaka ajute. Nilipoona miguu yake ilivyochubuka nikaitupa fimbo. Nilimwosha. Ningemwambia nini? Kwamba ulikufa nilishamwambia. Neno lenyewe halikuingia.

Jioni nikakaa kwenye kigoda chako. Nikaanza kusimulia. Mimi! Mimi ambaye ulikuwa unasema nasimulia kama ninayesoma hesabu. Nilisahau nyoka. Wimbo wa kumkamia ng'ombe niliuimba vibaya, na Kabula aliyekuwa amenipa kisogo akasema, "Bibi haimbi hivyo," akauimba yeye. Nikaendelea. Nilipofika mwisho akanigeukia kwa hasira, akasema mimi ni mwongo, Mbula alirudi, yeye ameona.

Nikamwambia sawa, ameona. Na Bibi je, alifanya nini na mkono wake?

Kisha akanyoosha kiganja chake, kidogo, hivi, akatazama juu kwenye paa. Nikamuuliza, mbona Bibi anangoja mvua, na Mbula amesimama pale mbele yake? Aliutazama mkono wake. Nikaona kidevu kinaanza kucheza. Akaniuliza, "Kwa hiyo hayumo kwenye gari?" Nikasema hayumo, mwanangu. Loo, Mayu, alivyolia! Kilio chote cha mazishi yako kilitoka jioni ile, na changu juu yake. Majirani walikuja mbio wakidhani tumepata msiba mwingine.

Baada ya hapo michembe aliacha kuweka mlangoni. Lakini na hadithi hakutaka tena kuisikia, na nikiimba wimbo wa ng'ombe anatoka. Nikaogopa nimemnyang'anya kila kitu, wewe na Mbula pamoja. Nilijuta. Nilisema labda Mzungu alikuwa na haki yake, labda mtoto angeachwa na uongo wake mtamu.

Jana mchana ikanyesha. Wingu lilitoka upande wa Geita, likasimama juu yetu kama linafikiri. Nilitoka. Mzee Masanja alisimama zizini kwake, Nshoma na mama yake wamesimama kwao, wote viganja nje. Kabula alibaki mlangoni, mikono ameibana kwapani, uso umenuna. Sikumwita. Tone likanidondokea, nikasema maneno yako.

Ndipo nikamwona amepita pembeni yangu. Hakusimama uwanjani pamoja nasi. Alikuja mpaka hapa, Mayu, hapa hapa ambapo hakuwa anataka kukanyaga, akasimama kando ya udongo wako akanyoosha kiganja. Akangoja. Mvua ilipompiga alikifumba, akasema, "Umefika, Bibi."

Mayu, nimechoka kuandika na wino unaisha. Baba Kabula akija likizo nitamweleza yote, naye atasema ni mambo ya wanawake, halafu atatoka zizini aje asimame hapa peke yake, namjua. Gari likirudi tutakwenda kukuona, mimi na Kabula, nitamshika mkono asikimbie, na tukifika pale unaponyoosha kiganja tutanyoosha na sisi. Na hadithi nitaisimulia. Nitasahau nyoka, Kabula atanikumbusha. Mwisho siugusi.

Kaa salama huko uliko. Mvua ikija tutatoka nje.

Mwanao,
Milembe, Mama Kabula